Kwetu ni wapi

Kirumba, Mwanza

Binti yangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema wenzako huko Dar wanakuuliza kwenu wapi. Ukiwajibu Ukerewe, wanashangaa mbona jina letu ni la kipwani. Halafu ukaniuliza: "Baba, kama ile nyumba ya Ukerewe haina mtu, kwa nini tusikiuze kile kiwanja?" Hilo si la kujibu kwa simu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Baba wa babu yangu alitoka pwani kwa miguu, na misafara iliyopitia Tabora. Tulivyosimuliwa, alikuwa seremala, si tajiri. Ukerewe alikuta watu wanaolijua Ziwa Victoria kuliko yeye, wenye mitumbwi ya makasia. Yeye alileta ujuzi wa tanga. Akaoa Mkerewe, akajenga mwaloni, na tangu hapo sisi ni wa pale. Baba zako wadogo hupenda kudai kwamba tunatokana na Songoro, yule mfanyabiashara Mwarabu ambaye Stanley, yule msafiri Mzungu, alimkuta Kageyi, kusini mwa ziwa, mwaka 1875, na ambaye aliuawa Ukerewe Desemba 1877 pamoja na Waingereza wawili wa misheni. Mimi dai hilo silikubali, na wewe usilirudie. Biashara ya wakubwa wa siku zile ilikuwa pembe za ndovu na watu. Sitaki tujipambe kwa jina ambalo wenzetu walilia kwa sababu yake.

Jahazi ninalolijua mimi ni la babu yako. Lilikuwa la mvule, na lilichukua magunia ya pamba, mtama na samaki wakavu kwenda Mwanza, likarudi na chumvi, sukari, mafuta ya taa, majembe na khanga. Meli za leo zinakwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, kwa saa tatu na ushee. Babu yako alisubiri upepo. Usiku upepo wa ziwani hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukatoka majini kuja nchi kavu. Kwa hiyo aling'oa nanga alfajiri, umande, yaani ule upepo wa nchi kavu, ukamsukuma kutoka kisiwani, na alasiri upepo wa ziwa ukamwingiza Mwanza. Kurudi ni hivyo hivyo, kwa kinyume. Nilipokuwa na miaka kumi aliniruhusu nilale juu ya magunia, na alfajiri ile sikusikia sauti ya mtu hata moja, ila tanga na maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo, yakitekwa kwa kata.

Jambo moja nataka ulijue vizuri. Kabla ya kuondoka babu yako aliinama ubavuni, akaweka mkono wazi kati ya maji na ukingo wa chombo. Shubiri mbili. Zikipungua, gunia linashuka. Nilimwona mwenye mali akimwongezea nauli, kisha akamwongezea tena, naye babu yako akazidi kusema, "Shusha." Yule bwana aliondoka na pamba yake amekasirika, akampa mtu mwingine. Chombo cha babu yako hakikupoteza mtu hata mmoja. Siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, 20 Septemba 2018, wewe ulilia na mimi nililia, na muda wote niliuona mkono wa mzee ule ubavuni mwa jahazi.

Usidhani meli za moshi ndizo zilizotumaliza. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, meli zikaanza kuzunguka ziwa. Mwaka 1928 reli ikafika Mwanza kutoka Tabora. Majahazi yakaendelea. Meli ilihitaji gati, na vijiji vingi havikuwa na gati. Jahazi lilisogea popote penye mchanga. Wakulima walipojiunga katika vyama vya ushirika, hadi ikaundwa Victoria Federation mwaka 1955 wakiongozwa na Paul Bomani, babu yako alifurahi kweli. Alisema mkulima sasa atapimiwa pamba yake kwa mizani ya haki. Kilichotushinda baadaye ni injini na malori. Mtu mwenye injini hangoji umande.

Sasa nyumba. Hiyo unayotaka tuuze ni ya pili. Ya kwanza iko majini.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua ilinyesha kupita kiasi, na ziwa likaanza kupanda. Hadi mwaka 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili, na kwa miaka mingi halikurudi chini kama zamani. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita hivi. Asubuhi moja niliingia jikoni kwa bibi yako, maji yakanifika magotini. Mafiga matatu yalikuwa bado mahali pake, yanaonekana chini kabisa, meusi kwa masizi, na katikati yake, pale pa moto, furu wadogo walikuwa wanapita. Niliita, "Mama, kuna samaki jikoni!" Bibi yako alikuja, akasimama mlangoni, kimya. Kisha akakunja khanga, akainama, akayatoa mafiga moja moja. Ndiyo hayo yaliyoko kwenye jiko la nyumba ya juu, na jirani anayetuangalizia nyumba anayapikia hadi leo.

Babu yako akajenga upya juu kidogo, chini ya mwembe. Na jahazi lilipochoka, maji yakaingia kila walipolikalafati, yaani kuziba nyufa zake kwa pamba, hakuliuza kwa kuni. Alilivunja mwenyewe, miezi miwili. Mbao za ubavuni zikawa milango. Foromali, ule mti wa kushikia tanga, ikawa mhimili wa paa. Ule mti mnene juu ya mlango wa mbele, uliokuwa ukigonga kichwa chako kila likizo, ni kipande cha mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo. Upapase utakapofika: utasikia matundu ya misumari yamejipanga, na katika machache bado kuna pamba ya kalafati, ngumu kama jiwe.

Kwa hiyo wakikuuliza, sema kwetu ni Ukerewe, na jina lilitoka pwani kwa miguu. Kuhusu kiwanja, jibu langu ni hapana. Mnunuzi ataitazama ardhi. Milango ataitupa, naye hatakuwa na kosa, maana hajui ni chombo gani. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda tena, maji yaliishia hatua chache kabla ya mwembe. Babu yako alipima vizuri.

Njoo Desemba na watoto, tuvuke pamoja. Ufunguo ninao mimi. Ila mlango wa mbele ukiloa mvua huvimba na kukwama. Usiusukume kwa bega. Unyanyue kwanza kwa mkono wa kushoto, ndipo uvute.

Baba yako