Mke wa mwinjilisti Umasaini: niliyoyapitia miaka 11 Simanjiro

Mdogo wangu, Bwana asifiwe. Umeuliza utaishije na watoto wawili, mmoja ana pumu, maana mumeo amepangiwa uinjilisti kwenye mtaa wa Umasaini na wewe umekulia mjini. Mimi ni Mmachame, mume wangu ni mwinjilisti, na tumekaa Simanjiro miaka 11. Nakujibu kwa yaliyonipata.

Kwetu Machame Injili ililetwa na Wajerumani wa misheni ya Leipzig mwaka 1893, na nimekua nikijua kwamba mmisionari ni mtu anayekuja na vitu: shule, dawa, mabati. Nami nilienda na moyo huo huo wa kupeleka. Nilibeba nguo za kugawa, madaftari, sabuni. Wiki ya kwanza akaja mama mmoja na kibuyu cha maziwa. Wamasai husafisha kibuyu kwa kijinga cha moto, mara nyingi cha mti wa oloirien, hivyo maziwa hunukia moshi na huwa na chembe nyeusi za mkaa. Nikamwambia asante, tunayo ya pakiti. Hakusema kitu. Alirudishia kifuniko, akapangusa kibuyu kwa ncha ya shuka yake, akaondoka. Karibu mwezi mzima hakuna mwanamke aliyepiga hodi kwangu.

Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyemweleza mume wangu: "Wanawake wanasema mkeo hana haja na mtu." Nililia usiku ule. Kesho yake nikamfuata yule mama bomani kwake, nikamwomba maziwa. Niliomba, sikununua. Tukayachemsha jikoni kwangu (kuchemsha usiache kamwe, maziwa mabichi yanaleta ugonjwa wa brusela), tukatia majani na sukari, tukanywa wote. Kwangu mimi huduma ilianza siku hiyo, wala si ile Jumapili tuliyotambulishwa chini ya mgunga.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, na mvua za kwanza zikabandua ukuta wa upande mmoja. Umasaini kujenga ni kazi ya wanawake. Walikuja saba, wakachanganya mavi ya ng'ombe na majivu, nami nikaingiza mikono. Hapo ndipo nilipojifunza Kimasai, kuanzia salamu: wewe mwanamke utaambiwa "takwenya", nawe ujibu "iko". Na hapo ndipo nilipoanza kusikia mambo ambayo hakuna anayeyasema ibadani: binti anayekaribia kuozeshwa kabla hajamaliza shule, mke wa tatu anayetaka ubatizo na hajui ndoa yake itahesabiwaje. Mume wangu asingeambiwa hayo hata angekaa miaka 20.

Sasa hela. Posho ya mwinjilisti ni ndogo na hutegemea sadaka. Ng'ombe wakiwa wamenona, mnada baada ya ibada unachangamka, mtu ananunua jogoo mmoja kwa bei ya watatu kwa sababu ni wa Bwana. Kiangazi kikikaza, wanaume wanahamia ronjo, yaani kambi za muda za malisho, na mifugo, ibadani mnabaki akina mama na watoto, na mfuko unarudi mwepesi. Ni lazima uwe na kazi ya mikono yako. Ila nikuonye kwa kosa langu: nilifungua genge la sukari na majani, nikawa nakopesha. Baada ya miezi michache wale wenye madeni wakaacha kuja ibadani. Walikuwa wanaona aibu kukaa benchi moja na mtu wanayedaiwa naye. Nilizunguka boma kwa boma kuwaambia deni limefutwa, na bado wawili hawakurudi. Iliniuma sana, na inaniuma mpaka leo. Baadaye nikanunua cherehani, nikashona kwa malipo ya papo hapo.

Mwanangu wa pili aliwahi kushikwa na homa usiku, mume yuko ronjo kuhubiri. Yule mama wa kibuyu alimwamsha kijana wake mwenye pikipiki, akapanda nyuma yangu, mtoto katikati, tukafika zahanati alfajiri. Dawa ililipwa kwa mbuzi wao. Nilipotaka kurudisha hela alikataa, akasema na mimi ni yeyo, yaani mama, wa watoto wake. Ningekuwa bado yule mtu wa maziwa ya pakiti, nani angemwamsha nani?

Watoto wasikutie hofu. Wangu walikuwa wakalimani wangu kabla mwaka haujaisha. Usiwakimbilize bweni la mjini mapema. Najua wengine wana maoni tofauti, lakini kanisa lililoona watoto wako wakichunga mbuzi pamoja na wao hukusikiliza kwa namna nyingine.

Ila pumu ni jambo zito. Moshi wa ndani na vumbi la kiangazi havina mchezo. Kabla hamjahama, mumeo aende peke yake akaangalie mambo haya: jiko linaweza kujengwa mbali na chumba cha kulala? Zahanati ni saa ngapi kwa pikipiki wakati wa mvua? Ina dawa ya kuvuta? Akirudi na majibu, yaandike hapa nami nitakwambia kama ni mimi ningehama au ningesubiri.