Kutoka Lindi hadi Bagamoyo

SWALI: Tuko Lindi. Nataka kuwaonyesha wanangu Bagamoyo, makao makuu ya kwanza ya Wajerumani. Siku moja yatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yetu. Basi la Dar es Salaam, kilomita kama 450, litawachukua mchana wote, basi laleni huko. Alfajiri nendeni kituo cha Makumbusho mpande gari la Bagamoyo, kilomita zipatazo 70.

Anzeni na magofu ya Kaole, kusini mwa mji, kabla jua halijawa kali. Mkichukua bajaji, pataneni kabisa nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi, la sivyo mtakwama huko na watoto. Msikiti wa pale ni wa karne ya 13.

Mchana tembeleeni misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868. Mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulifikishwa hapo 1874. Boma, jengo la serikali ya Wajerumani, ni la 1897, serikali ikiwa imeshahama, ingawa wengi hudhani ndilo lililokuwa makao makuu.

Msiondoke bila kufika ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Hapo watoto wataelewa wenyewe: kina ni kifupi, majahazi yaliweza kukaribia lakini meli kubwa zilitia nanga mbali. Ndiyo maana 1891 makao yakahamishiwa Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina.