Mpe monita kata, usimpe karatasi

Mwaka wangu wa kwanza wa kusomesha nilipewa darasa la nne lenye watoto zaidi ya 70, katika skuli moja ya kaskazini ya Pemba ambayo sitaitaja, maana wenzangu wa wakati ule wengi wako hai na simu wanazo. Nikafanya kama nilivyofanyiwa mimi. Nikatazama nani ana kimo na sauti, nikamsimamisha, nikasema huyu ndiye monita wenu, nikampa kalamu na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Kazi yake ilikuwa moja tu: maalim akitoka, aandike wapiga kelele.

Aliyesoma visiwani hahitaji kuelezwa karatasi hiyo. Majina yanapangwa moja chini ya jingine. Anayeendelea na kelele anatiwa alama ya kuzidisha ubavuni mwa jina lake: mara mbili, mara tatu. Maalim akirudi anaikuta juu ya meza, na bakora iko pale pale. Hesabu yote imeshapigwa na mtoto wa miaka 10.

Ukafika msimu wa karafuu. Siku hiyo nilirudi kutoka ofisini nikaishika karatasi na kuanza kuita. Wa kwanza akaja, wa pili, wa tatu. Wa nne nikamwita, kimya. Nikamwita tena, mara hii kwa hasira. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akasema polepole, kama anayenionea haya: "Maalim, huyo hakuja. Kenda kuokota mpeta. Na jana hakuja."

Jina lake lilikuwa na alama tatu.

Kwa msomaji asiyekuwa wa Pemba: mpeta ni zile karafuu zinazopukutika chini wakati wachumaji wako juu ya mti. Watoto na kina mama huziokota moja moja katikati ya majani makavu. Mtoto wangu huyo alikuwa chini ya mkarafuu, mbali kabisa na darasa langu, na huku kaandikwa kelele mara tatu.

Nilimwita monita nje, barazani. Alilia kabla sijamuuliza chochote. Ikawa kwamba karatasi ina bei. Kipande cha kachori kinafuta jina. Embe mbichi yenye chumvi na pilipili inafuta jina pamoja na la rafiki. Siku ambayo wengi wamelipa, orodha inakuwa fupi, na yeye anaogopa maalim ataona hafanyi kazi. Basi anajazia kwa majina ya wasiokuja, kwa kuwa wao hawapo kumbishia. Watu wazima wakifanya hivyo kwenye orodha ya mishahara, magazeti huwaita watumishi hewa. Yeye alikuwa na wapiga kelele hewa.

Nilimchapa, sifichi. Usiku ndipo nikaanza kufikiri: mtoto huyu biashara hii hakuzaliwa nayo, duka nimemfungulia mimi. Nikakumbuka na wale niliowachapa kwa karatasi za wiki zilizopita, ambao sina njia ya kuwarudishia walichokosa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwalimu kijana anayekabidhiwa ulezi wa wanafunzi viongozi ni huu: mpe mtoto kitu cha kutunza kabla hujampa watu wa kuwasimamia. Uongozi wa skuli ya msingi uanzie kwenye ndoo, ufagio, mtungi, ufunguo wa kabati la vitabu. Vitu hivi havihongi, na vikiharibika vinaonekana.

Mimi nilianza na maji, na nilianza na monita yule yule. Tulikuwa na mtungi mmoja mkubwa chini ya ukuta wa darasa, kwenye kivuli. Risesi ikigongwa, wakubwa wanaufikia kwanza, wanakunywa, wanarushiana, wananawa hadi miguu. Watoto wa darasa la kwanza wakifika wanakuta tope. Nikampa kata, kile kifuu cha nazi chenye mpini cha kutekea maji, nikamwambia: kuanzia leo wewe ni wa maji. Tukapanga naye masharti matatu. Darasa la kwanza wanakunywa mwanzo. Asiyeufikia mdomo wa mtungi atekewe, asining'inie. Kata haitiwi mdomoni, inamimina kikombeni na kurudi.

Wiki ya kwanza alikuwa akipiga kelele kuliko mtungi wenyewe ungeweza kustahimili. Wiki ya pili sauti ilishuka. Nikamwona siku moja amechutama mbele ya kitoto kimoja kifupi, anakishikia kikombe kwa mikono miwili, na foleni ya nyuma imetulia bila ya mtu kuiamrisha. Mwezi haujesha, kata ikaanza kuvuja kwenye tundu la mpini. Sikuwa nimesema kitu. Alikuja asubuhi moja na kata mpya, kifuu kimekwanguliwa kikawa laini, mpini mrefu zaidi wa ule wa kwanza. Babu yake ndiye aliyekitoboa kifuu, yeye akachonga mpini. Akaniambia mpini mfupi unawafanya watoto watumbukize mikono. Hilo mimi sikuwahi kuliona.

Ramadhani ilipoingia nilimwambia apumzike. Akaniuliza, na wale wadogo wasiofunga? Akawa anauweka mtungi nyuma ya darasa ili wanaofunga wasiyaone maji, na wadogo wanakwenda huko wawili wawili. Hilo nalo nililipata kwake.

Jambo la pili ambalo viongozi wadogo wanaliweza kuliko sisi ni ugomvi wa mikondo. Skuli nyingi zetu zina mkondo wa asubuhi na wa mchana, chumba kimoja, madawati yale yale. Wa mchana wakifika wanakuta maganda ya machungwa kwenye madawati na ubao haujafutwa; wa asubuhi kesho yake wanasema chaki zetu zimeibiwa. Walimu tulikuwa tukipelekeana maneno ofisini na hayamaliziki. Dawa ilikuwa makabidhiano. Saa sita na nusu monita wa asubuhi anasimama mlangoni na monita wa mchana, wanahesabu pamoja: mafagio mawili, ndoo moja, kidasta, chaki nzima ngapi na vipande vingapi. Wanaandika kwenye daftari na kila mmoja anatia jina lake. Dakika tano. Ukiwatazama utadhani ni mabaharia wanakabidhiana shehena ya jahazi. Mara ya kwanza walikataana juu ya ufagio mmoja uliobaki vijiti saba, kama ni ufagio au si ufagio. Niliwaacha waamue wenyewe. Walikubaliana ni nusu ufagio, na ndivyo ilivyoandikwa.

Sasa nirudi kwenye karafuu, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza zaidi. Kila msimu darasa linapungua. Zamani niliita majina, nikaweka alama ya hayupo, basi. Baadaye nikawagawa watoto kwa njia wanazorudi nazo nyumbani, si kwa madawati. Kila njia ina kiongozi wake. Kazi yake ya kwanza ni kuwavusha wadogo barabara kuu, kwa sababu gari za abiria zinashuka vilima vile kwa kasi na chaimaharage, yale malori madogo ya abiria, zikijaa hazisimami upesi. Kazi ya pili ni kupita kwa asiyekuja. Si kumshitaki, ni kumuuliza: unaumwa, au kuna kazi? Kisha anampa alichokikosa, hata kama ni hesabu mbili tu zilizonakiliwa kwenye karatasi.

Nilidhani wazazi watachukia. Mama mmoja alikuja skuli na buibui lake lina vumbi la shamba, nikajitayarisha kwa ugomvi. Akaniambia: "Maalim, huyo mtoto uliyemtuma kaja vizuri, kaniamkia. Lakini na wewe ujue, mpeta ndio unaomnunulia mwanangu sare." Sikuwa na jibu, na sijifanyi kuwa ninalo hadi leo. Tulichokubaliana ni kwamba asubuhi anakuja skuli, mchana anakwenda shambani na mamake, na kiongozi wa njia anamkumbusha. Zipo siku alitoroka. Zilikuwa chache kuliko mwanzo.

Uchaguzi. Mimi ni mtu wa kura, lakini kura za watoto zinahitaji akili. Ukiwaambia wanyooshe mikono, watatazama mkono wa mtoto wa mwenye duka umeelekea wapi. Nilitumia makopo matupu ya maziwa, moja kwa kila mgombea, yaliyotobolewa kifunikoni na kuwekwa nyuma ya mlango. Kila mtoto anapewa kunde moja, anaingia peke yake, anatumbukiza, anatoka upande wa pili. Tunahesabu mbele ya wote. Mwaka mmoja kunde zilizidi idadi ya watoto kwa kumi na moja, kumbe mmoja alikuja na za kwao. Tukarudia kwa mbegu za ubuyu nilizozipaka rangi. Na kwa kuwa nimeutaja ubuyu: mgombea anayegawa ubuyu siku ya kura apewe nafasi ya kueleza mbele ya wenzake fedha kazipata wapi. Hiyo inatosha, bakora haina haja.

Kwa wasichana, angalia vyeo vinavyogawiwa. Kwa miaka mingi skulini kwetu mvulana alikuwa monita na msichana alikuwa msaidizi, na msaidizi maana yake ni kufagia. Nikaona makabidhiano yote ya chumba yanafanywa na msaidizi huku monita anacheza mpira. Basi tukaondoa neno msaidizi. Wako wawili, mmoja wa vitu na mmoja wa njia, na wanabadilishana kila muhula. Na usimchague mwenye sauti tu. Kiongozi wa njia bora niliyepata kuwa naye alikuwa binti mmoja ambaye darasani nilikuwa simsikii akijibu, lakini madrasa alikuwa akiwasomesha wadogo alifu na bee, na hao hao wadogo ndio waliokuwa wakimfuata barabarani mstari mmoja kama vifaranga. Uliza huko watoto wanafanya nini saa za jioni. Uongozi wao mwingine uko chuoni, yaani huko madrasa, na sisi hatuujui.

Nimewahi pia kukosea kwa upande wa pili. Nilihudhuria semina, tukasomewa kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kinachosema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo yapewe uzito. Maneno mazuri, nayaamini. Nikarudi na moto, nikaunda serikali ya wanafunzi yenye rais, makamu na mawaziri 12. Waziri wa Afya wa darasa la tano hakuwa na sabuni hata kipande. Waziri wa Michezo hakuwa na mpira. Walikuwa na vikao, na vikao vilikuwa na ajenda, na ajenda ilikuwa kuchagua katibu. Baada ya muhula mmoja ikafa yenyewe bila mapinduzi. Kama huna sabuni, usimtangaze waziri. Tafuta sabuni, umpe mtoto aigawe, halafu umuulize maoni yake juu ya sabuni. Atakuwa nayo mengi.

Mahali pazuri pa kuona kama kazi imeshika ni matayarisho ya tamasha la Elimu Bila Malipo. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na skuli zetu huiadhimisha siku hiyo kwa michezo, nyimbo na maigizo. Mwaka mmoja walimu wote tuliitwa kwenye kikao na mazoezi yakabaki bila mtu mzima. Nilirudi nikitegemea vurugu. Nikawakuta wakimbiaji wa kupokezana vijiti wanafanya mazoezi kwa kijiti cha ufagio (nusu ufagio ule, nadhani), na binti wa vitu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akihesabu fulana. Kelele zilikuwapo nyingi. Hakuna aliyekuwa akiziandika.

Kitu kimoja bado kinanishinda, na ningependa kusikia kutoka kwa walimu wa Unguja na Pemba mlioweza. Ni maji ya choo. Mtungi wa kunywa kila mtoto anautaka, ufunguo wa kabati wanaugombania. Ndoo ya choo hakuna anayeitaka, na nikiipanga kwa zamu, wavulana wakubwa wanawauzia zamu zao wadogo kwa kachori.