Mfamasia Anajibu: Cheti, Simu na Chupa ya Kikohozi

Barua za mwezi huu zimetoka miji minne na waandishi wake hawajuani, lakini karibu zote zinahusu dawa zilizopaswa kutolewa kwa cheti cha daktari, ambazo sasa zinaingia nyumbani kwa mlango mwingine: kwa ushauri wa simu, kwa sifa za wimbo au kwa picha ya mtu maarufu. Majina ya walioandika nimeyaacha, kama ilivyo desturi ya safu hii.

SWALI: Habari za kazi, Mfamasia. Mwanangu wa miaka miwili alikuwa na kikohozi na mafua kwa siku nne. Nyumbani kulikuwa na chupa ya amoksilini iliyobaki dada yake alipougua mwezi wa nne, nami nikaiuliza programu ya akili mnemba kwenye simu nimpe kiasi gani. Ikanijibu kwa Kiswahili kizuri, nikampa. Siku ya pili mtoto amechangamka, na mama mkwe ananiambia niache, nisimjaze mtoto dawa. Je, nimekosea? (Mama wa wawili, Morogoro)

JIBU: Mama, pole kwa kuuguliwa, na asante kwa kuandika waziwazi, maana wengi wanaofanya hivyo hawasemi. Nianze na chupa yenyewe. Amoksilini ya maji ya watoto hutoka kiwandani ikiwa unga, na ikishatiwa maji inatakiwa itumike ndani ya siku 7, au 14 kwa zile ambazo maelekezo yake yanaruhusu na zikawekwa kwenye friji. Chupa iliyochanganywa mwezi wa nne imekwisha kazi muda mrefu, hata kama tarehe iliyopigwa mhuri kwenye boksi haijafika, kwa kuwa tarehe ile inahusu unga ambao haujaguswa. Usimpe tena, na chupa yenyewe uirudishe famasi.

La pili ni ugonjwa wenyewe. Mafua na kikohozi cha aina uliyoieleza husababishwa mara nyingi na virusi, ilhali amoksilini huua bakteria, na virusi haina namna ya kuvigusa. Mtoto amechangamka kwa sababu mwili wake umeshinda, na dawa imepewa sifa ya kazi ambayo haikuifanya. Hivi ndivyo imani katika vidonge vya rangi mbili ilivyojengeka kwetu sote: tunameza siku ya tatu, tunapona siku ya tano, nasi twaapa kwamba ni vidonge, wakati tungepona siku hiyohiyo kwa uji na kulala.

Mama mkwe, kwa hiyo, amesema kweli safari hii, ingawa sababu yake siyo yangu. Dawa hii haikupaswa kuanzwa, basi iache. Ila asilichukulie neno hilo kuwa kanuni ya kila siku, kwa sababu daktari akimpima mtoto, akakuta nimonia na kuandika dawa ya siku tano, anayeamua lini iachwe ni yeye, wala si uchangamfu wa mtoto siku ya pili. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilisema jambo hili alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Alitoa mfano wa bwana mmoja mwenye koo linalouma anayejinunulia penisilini na kutumia kiasi kidogo, kisichotosha kuua vijidudu bali kinachotosha kuvifundisha kuizoea. Kisha anamwambukiza mkewe, mkewe anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini ileile, na anakufa. Bwana yule alikuwa wa kubuni. Waliofuata hawakuwa wa kubuni: uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi.

Sasa simu. Silaumu kwamba uliiuliza, na huenda kiasi ilichokutajia ni kile kilichomo vitabuni. Lakini programu ile ilijibu swali ulilouliza, nayo haikuuona uzito wa mtoto, haikujua kama amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini, wala haikuisoma chupa uliyoishika. Amoksilini ya maji ipo yenye miligramu 125 katika mililita 5, na ipo yenye 250 katika mililita hizohizo tano, kwa hiyo kijiko kilekile kinaweza kuwa dozi moja au dozi mbili. Kwenye parasetamoli hatari ni kubwa zaidi. Chupa ya kawaida ya watoto ina miligramu 120 katika mililita 5, lakini zipo chupa ndogo za matone zenye miligramu 100 katika kila mililita moja, na mama anayemimina kijiko kizima cha chai cha matone hayo anampa mtoto mchanga miligramu 500, yaani kidonge kizima cha mtu mzima. Jina ni lilelile la parasetamoli, na picha ya mtoto anayecheka ni ileile.

Hata hivyo simu yako inayo kazi moja ambayo naomba uifanye usiku wa leo, ikiwa kikohozi bado kipo. Mtoto akiwa ametulia au amelala, funua nguo yake uone kifua na tumbo, washa saa ya simu na uhesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili, bila kukadiria kwa nusu dakika. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, pumzi 40 au zaidi ni dalili ya kumpeleka kituo cha afya. Kwa wa miezi miwili hadi kumi na moja ni 50 au zaidi. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au amelegea na hashtuki, au amepata degedege, usihesabu tena. Nenda.

SWALI: Bwana Mfamasia, mdogo wangu ana miaka 17. Chini ya kitanda chake nimekuta chupa saba tupu za dawa ya kikohozi na soda kubwa iliyochanganywa. Anashikilia kwamba hizo si dawa za kulevya kwa kuwa zinauzwa famasi, na kwamba wasanii anaowasikiliza huziimba hadharani. Nimnyang'anye simu ama nimpeleke polisi? (Kaka mkubwa, Mombasa)

JIBU: Ndugu yangu, usifanye lolote kati ya hayo mawili, angalau si kwanza. Tazama kibandiko cha zile chupa uone kama kuna neno kodeini. Kodeini ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuzwa kuwa mofini, na mofini ni jamaa wa karibu wa heroini ambayo watu wa Pwani mmezika vijana wengi kwa ajili yake. Wapo watu ambao ini lao hufanya ugeuzaji huo haraka kupita wengine, na hakuna awezaye kujijua kwa kujitazama kwenye kioo. Kiasi kinachomlegeza rafiki yake kinaweza kumfanya yeye asahau kupumua akiwa usingizini. Hatari huongezeka chupa ikiwa na promethazini pia, ambayo huleta usingizi, au akiongeza pombe juu yake.

Mtindo wa kuchanganya dawa hiyo na soda ulisifiwa sana katika muziki wa rapu wa Houston, Marekani, na ukasafiri na nyimbo. Mdogo wako anaujua wimbo, basi aijue na habari iliyofuata. Pimp C, mmoja wa waliotia jina la Texas, jimbo ulipo mji huo, kwenye ramani ya rapu, alikutwa amekufa hotelini Desemba 2007, na uchunguzi ukataja kodeini na promethazini pamoja na tatizo lake la kukatika pumzi usingizini. Juice WRLD, msanii mwingine wa rapu wa Marekani, alikufa Desemba 2019 akiwa na miaka 21 tu, na ripoti ya wachunguzi wa vifo ikataja sumu ya kodeini na ya oksikodoni, dawa kali ya maumivu ya jamii hiyohiyo. Siyasemi haya ili umkataze muziki. Nami nilikuwa kijana, na nyimbo za ujana wangu bado nazipenda. Nayasema kwa sababu video humwonyesha msanii akiwa na kikombe mkononi, nayo huishia hapo.

Kuhusu hoja yake kwamba kinachouzwa famasi hakiwezi kulevya, mwambie Nigeria ilipiga marufuku utengenezaji na uagizaji wa dawa za kikohozi zenye kodeini mwezi Mei 2018, baada ya waandishi wa BBC kuonyesha jinsi zilivyokuwa zikiuzwa kwa magendo na watu wa ndani ya viwanda na biashara ya dawa wenyewe. Hapa naona aibu kwa niaba ya taaluma yangu. Kuna mtu aliyevaa koti jeupe kama langu ambaye alimuuzia mtoto wa shule chupa hizo, na hakumuuliza hata kama anakohoa. Ukimjua, mpeleke kwa Bodi ya Famasi na Sumu. Huko ndiko hasira yako inakostahili kwenda.

Mdogo wako mpe masikio kwanza. Muulize alianza lini, na akikosa siku moja hujisikiaje. Akisema viungo vinamuuma, tumbo linaharisha, mafua yanamtoka na usingizi hauji, basi hiyo ni arosto. Mwili umeshazoea, na kumfungia chumbani hakutamponya. Mpeleke kwa daktari ukiwa naye, au upige simu NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa namba 1192, ambayo hailipishwi. Matibabu yapo, hata kwa walionaswa na heroini: hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuachana na heroini, mwaka 2011, na Kenya ikafuata miaka michache baadaye. Na ukimkuta usiku mmoja haamki ukimtikisa, anakoroma kwa kukatakata, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, mlaze kwa ubavu, usimtapishe, na mkimbize hospitali huku ukiwaambia waziwazi alichokunywa. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayozuia kazi ya kodeini mwilini, lakini daktari hawezi kuifikiria haraka iwapo familia imeficha chupa kwa kuogopa aibu.

SWALI: Rafiki zangu wanajidunga sindano ya kupunguza uzito ambayo watu maarufu wa Marekani wanaisifu. Naiona inauzwa mtandaoni bila cheti. Ni salama? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Dada, semaglutidi, ambayo huenda unaijua kwa jina la Ozempic, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, na kwa jina la Wegovy mwaka 2021 kwa unene. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari. Kabla ya kuanza kutumika hukaa kwenye friji, na anayekuletea kwa bodaboda ndani ya mfuko wa plastiki saa saba mchana amekwisha kukujibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo mwezi Juni 2024 kuhusu semaglutidi bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Usinunue.

SWALI: Kwa nini mfamasia ananiuliza maswali mengi kama hakimu? Ninazo pesa, na habari zote za dawa nimekwisha kuzisoma kwenye simu. (Mzee wa Tanga)

JIBU: Shikamoo, Mzee wangu. Naomba nikusimulie habari ya mzee mwingine wa rika lako aliyekuja dirishani kwangu akanionyesha kioo cha simu: diklofenaki, kwa ajili ya magoti. Simu haikumdanganya, kwani diklofenaki hutuliza maumivu ya magoti. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, akasema hakuna. Nikamuuliza kwa namna nyingine, kama kuna kitu chochote anachomeza kila asubuhi, naye akatoa mfukoni bahasha ndogo ya khaki iliyoandikwa kwa kalamu "1x1". Ndani mlikuwa na vipande viwili vya vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, kimoja hakina tarehe ya kuisha muda, kingine kimebakiwa na nusu ya jina. Nilivitambua: losatani ya presha na aspirini ndogo. Diklofenaki ikikutana na losatani huweza kuziumiza figo, na ikikutana na aspirini huweza kuchubua tumbo hadi litoke damu. Mzee hakuwa amesema uongo. Kwake yeye dawa ni kitu cha mgonjwa, na presha aliihesabu kuwa sehemu ya umri.

Maswali yetu ni yaleyale kila siku: umri, uzito kwa mtoto, ujauzito au kunyonyesha kwa mama, figo, vidonda vya tumbo, dawa iliyowahi kukudhuru, na kila kitu kingine unachomeza, pamoja na ya kienyeji. Ukiwa nayo majibu hayachukui dakika tatu. Ukifika dukani, kataa kukatiwa kipande kisicho na jina na tarehe. Kama huhitaji pakiti nzima, mwombe muuzaji akate upande wa pili, ili jina na tarehe vibaki kwenye kipande chako. Kisha panga dawa zako zote mezani, zile za asubuhi na zile unazozikumbuka magoti yanapouma, uzipige picha kwa simu hiyohiyo, na siku utakapokuja utuonyeshe picha hiyo kabla hujatuonyesha jina la dawa unayoitaka.