Tiketi kuonyesha dakika 20 tu, usishtuke

Dada, tiketi yako ya Amsterdam kwenda London Heathrow haina kosa. Kuondoka saa 3:00 asubuhi na kufika saa 3:20 ni kwa saa za kila mji. Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Safari yenyewe ni saa 1 na dakika 20, ndiyo maana kurudi kunasomeka saa 2 na dakika 20.

Umbali ni kama kilomita 370 tu. Hewani hata saa nzima haitimii: chai hujaimaliza, wanakusanya vikombe. Muda unaliwa chini. Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, kuna njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, iko mbali mno. Ndege inatambaa robo saa hivi, inavuka hadi juu ya barabara kuu, magari yanapita chini yenu. Na Heathrow kukiwa na foleni, mnazungushwa angani kusubiri zamu.

Hiyo ndege ya kuunganisha ya saa 4:30 unayotaka kupanda Heathrow, usiikatie tiketi. Mimi ningeacha nafasi ya saa tatu nzima kati ya ndege hizo mbili, hasa kama ni tiketi mbili tofauti, maana begi utalichukua mwenyewe na uhamiaji utapita. Viza ya Uingereza unayo?