Welf VI: mjomba wa mmoja, baba mdogo wa mwingine

Mkuu, umeuliza kama kuna kosa, maana umekuta Welf VI, mkubwa wa Kijerumani wa karne ya 12, anaitwa anko wa kaisari Friedrich Barbarossa na papo hapo anko wa Heinrich der Löwe, mtawala wa Saxony na Bavaria, ilhali Barbarossa ni wa ukoo wa Staufer na Heinrich ni wa ukoo wa Welf. Hakuna kosa. Kilichokuchanganya ni hilo neno "anko", na mimi lilinipotezea karibu mwezi mzima.

Nilipoanza kuchora nasaba za watu hawa nilibandika karatasi ya manila ukutani, nikawa nasoma maelezo ya Kiingereza na kuandika "anko" kila nilipolikuta. Nikafika kwa Welf IV, aliyemrithi anko wake Welf III, aliyefariki mwaka 1055 bila mtoto. Moja kwa moja nikachukulia ni baba yake mkubwa au mdogo, nikaanza kumsaka ndugu wa kiume wa Welf III. Nilichora na kufuta mpaka karatasi ikatoboka pale pale juu ya jina. Ndugu huyo hakuwepo. Welf IV ni mtoto wa dada, Kunigunde, aliyeolewa Italia na Azzo wa ukoo wa Este. Welf III alikuwa ameusia mali yake iende kwa monasteri ya ukoo pale Altdorf, lakini mama yake, Imiza, akagoma, akatuma watu Italia wakamlete mjukuu. Bibi yule ndiye aliyeuokoa ukoo. Jina la Welf likaendelea, ingawa kwa upande wa baba wote waliofuata ni damu ya Este.

Sasa turudi kwa Welf VI. Heinrich der Schwarze, mtoto wa Welf IV na mtawala wa Bavaria (kusini mwa Ujerumani) aliyefariki 1126, kati ya watoto wake shika hawa watatu: Heinrich der Stolze, Judith na Welf VI. Der Stolze akamzaa Heinrich der Löwe. Judith akaolewa na Friedrich wa Staufer, mtawala wa Swabia (jirani ya Bavaria), akamzaa Barbarossa. Kwa hiyo Welf VI ni baba mdogo wa Löwe na ni mjomba wa Barbarossa, nao wawili ni mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. Kwa Kiswahili jambo limeisha. Wajerumani wa zama zile nao walitenganisha: Oheim ni kaka wa mama, Vetter ni ndugu wa baba, na kwenye Kilatini utakuta avunculus na patruus. Ila uwe macho, Vetter ya leo ni binamu.

Usidhani ni mambo ya majina tu, mali ilifuata njia hizo hizo. Mwaka 1167 maradhi yalilipiga jeshi la Barbarossa baada ya kuingia Roma, na Welf VII, mtoto wa kiume wa Welf VI, akafia huko Italia. Mzee akabaki bila mrithi. Akamwendea kwanza mtoto wa kaka yake: nipe fedha, urithi uwe wako. Löwe akakubali, kisha akawa anavuta siku. Mzee akageukia kwa mtoto wa dada yake, na Barbarossa akalipa. Hivyo ndivyo mali ya Welf huko Swabia ilivyoangukia kwa Staufer. Welf VI alifariki 1191, akazikwa Steingaden, monasteri aliyoianzisha mwenyewe.

Kwenye mchoro wako futa kila "anko" uandike mjomba, baba mkubwa au baba mdogo; usipojua ni yupi, acha wazi mpaka umjue mama. Namba nazo zisikuyumbishe: Welf IV huyo huyo, kwenye orodha ya watawala wa Bavaria ni Welf I. Na kuna Judith wawili karibu karibu. Judith wa Flanders ni mke wa Welf IV. Mama yake Barbarossa ni mjukuu wake. Mimi niliwahi kuwaandika kama mtu mmoja.