Boneti ya Land Rover 110 inayogonga

Pole, kaka. Umesema boneti ya 110 yako inatulia kwenye lami ya Kondoa, ila ukikata kuingia njia ya vumbi ya Farkwa inagonga kama debe tupu. Yangu ilifanya hivyohivyo, nikanunua loki mpya bure kabisa.

Funga boneti, kandamiza mbele kwa kiganja. Ikibonyea, kuna nafasi. Paka chaki juu ya vile vimpira inavyolalia, funga, fungua. Penye chaki isiyoguswa, mpira umekwisha. Kwangu ule wa kushoto ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa Bahi wakati wa kiangazi. Kipande cha tyubu kilichokunjwa kinatosha kwa majaribio, kisha tafuta mpira wenyewe.

Ikibaki inacheza, angalia ile pini yenye springi chini ya boneti. Legeza nati yake, zungusha pini kwa bisibisi nusu mzunguko tu, kaza, jaribu. Ukizidisha, loki haishiki au inagoma kufunguka. Vumbi lifute kabla ya kupaka grisi, vinginevyo unatengeneza msasa.

Kama ile ndoano ya akiba, inayozuia boneti loki ikiachia, haishiki, usitoke nayo barabarani. Boneti ikifunuka kwenye mwendo inakufunika kioo chote. Na ukiona ufa kwenye bati la boneti penye bawaba, nenda kwa fundi bodi anayejua aluminiamu; mchomeleaji wa mageti ataitoboa.